Mfumo Usiomwamini Mtu Ndio Unaomlinda Mwaminifu

Wenzetu wanaosoma TEHAMA wana msemo siku hizi, "ziro trasti", na wakiutaja sisi wa ualimu huwa tunaendelea na maandalio yetu ya somo kana kwamba habari hiyo haituhusu. Naandika makala hii kwa sababu naona inatuhusu sana, pengine kuliko wao. Wao watakwenda kujenga mifumo. Sisi ndio tutakaoshinda ndani yake kila siku, tukiingiza alama, tukisajili watahiniwa, tukitunza namba za simu za wazazi na tarehe za kuzaliwa za watoto. Mwaka mmoja au miwili kutoka sasa, wewe unayesoma hapa unaweza ukawa mwalimu wa taaluma wa shule fulani huko Mgeta au Kilosa, na mtu akakukabidhi funguo za mfumo wenye taarifa za watoto mia sita. Siku alama zikibadilika bila maelezo, utathibitishaje kwamba si wewe?

Ziro trasti, kwa Kiswahili cha kawaida, ni kutomwamini mtu wala kifaa mpaka kwanza kithibitishwe, hata kama kiko ndani ya ofisi. Ina kanuni tatu. Ya kwanza, thibitisha kila anayeomba kuingia, kila mara, wala usitosheke na kwamba ulimthibitisha asubuhi. Ya pili, mpe kila mtu ruhusa ya kazi yake tu, isizidi hapo. Ya tatu, panga ulinzi wako kana kwamba mwizi ameshaingia.

Ukiisikia mara ya kwanza unaiona kama falsafa ya watu wenye roho mbaya. Sisi tumelelewa kuaminiana. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba mfumo wa namna hii unamfaa zaidi mtu mwaminifu, kwa sababu ndiye anayehitaji ushahidi siku mambo yakiharibika. Asiye mwaminifu anapenda sana mahali ambapo kila mtu anaaminiwa.

Ukuta wenye vipande vya chupa

Mfumo wa zamani wa ulinzi wa mitandao ulifanana na nyumba nyingi za hapa Morogoro. Nje kuna ukuta mrefu, juu umepandwa vipande vya chupa, na geti lina mlinzi. Ukishapita getini, milango ya ndani iko wazi. Jikoni unaingia, sebuleni unaingia, hata chumbani ukitaka. Mitandao ya maofisi ilijengwa hivyo hivyo: aliye nje ni adui, aliye ndani ni mwenzetu.

Shida ni kwamba wezi wakubwa hawagombani na ukuta. Wanaingia na mtu wa ndani, au wanavaa sura yake. Januari 2010 kampuni ya Google ilitangaza kwamba ilikuwa imeshambuliwa mwaka uliotangulia, katika shambulio ambalo iliona limetokea China na kuyagusa pia makampuni mengine makubwa yasiyopungua ishirini. Baada ya hapo Google ilianza kujenga upya namna wafanyakazi wake wanavyofikia mifumo ya kazi. Kuwa ndani ya ofisi hakukuwa tena tiketi. Kila mtu na kila kompyuta ilipaswa kujieleza kila inapoomba kitu. Mwaka huohuo wa 2010, mchambuzi John Kindervag wa kampuni ya Forrester ndiye aliyelipa wazo hili jina la ziro trasti na kulieneza. Agosti 2020 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikatoa mwongozo rasmi unaoeleza namna ya kulijenga.

Wahenga wetu walishalisema zamani: kikulacho ki nguoni mwako. Wataalamu wa kompyuta wamechelewa tu kufika.

Wingu halina geti

Sasa ongeza jambo la pili, huduma za wingu. Wingu si kitu cha angani. Ni kompyuta za mtu mwingine, zilizo mbali, ambazo wewe unazipangisha na kuzifikia kwa intaneti. Ukihifadhi maksi za darasa kwenye Google Drive, uko kwenye wingu. Chama cha akiba na mikopo kinachoweka daftari la wanachama kwenye programu ya kulipia kwa mwezi, nacho kiko kwenye wingu. Hata mifumo ya serikali ambayo walimu wanaitumia, kama SIS ya TAMISEMI kwa taarifa za shule au PReM ya NECTA kwa shule za msingi, kwa mwalimu inafanya kazi kwa mtindo huohuo. Seva haiko shuleni. Mwalimu anafungua ukurasa kwenye simu yake, anaweka jina na nywila, anaingia.

Maana yake ni kwamba ule ukuta wenye vipande vya chupa haupo tena. Mkuu wa shule anaweza kufungua mfumo akiwa Msamvu anasubiri basi. Mhasibu anaweza kuufungua nyumbani Kihonda usiku. Na mtu yeyote duniani mwenye jina na nywila yao anaweza kuufungua pia. Geti pekee lililobaki ni utambulisho wa mtu.

Watu wengi hudhani wakilipia huduma ya wingu basi ulinzi wote umenunuliwa. Hapana. Mwenye wingu analinda jengo, umeme, mashine na programu yake. Nani apewe akaunti, ana ruhusa gani, nywila yake ikoje, vyote hivyo vinabaki kwako. Mwaka 2024 wateja wa kampuni ya Snowflake, inayohifadhi data za makampuni kwenye wingu, waliibiwa taarifa. Wachunguzi wa Mandiant walisema taasisi zipatazo 165 huenda ziliguswa. Hakuna aliyevunja jengo la Snowflake. Wezi walitumia nywila halali zilizokwishaibwa kwenye kompyuta za watu, nyingine zikiwa na umri wa miaka bila kubadilishwa, kwenye akaunti ambazo hazikuwa na uthibitisho wa pili. Waliingia mlangoni, kwa ufunguo.

Maksi 34 zilizogeuka 64

Mwaka jana nilikwenda field kwenye shule moja ya sekondari hapa mkoani. Siitaji, maana sitaki kuwaharibia walimu waliotupokea vizuri. Ofisi ya taaluma ilikuwa na kompyuta moja na akaunti moja ya kuingizia alama. Nywila ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ubavuni mwa kabati. Siku ya kwanza nilipouliza nitaingizaje alama zangu, mwalimu mmoja alinijibu kwa upole kabisa, "Madam, paswedi iko hapo kwenye kabati, wewe jisikie nyumbani."

Wiki chache baadaye mwalimu wa Fizikia akagundua kwamba mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliyempa 34 alikuwa na 64 kwenye mfumo. Nani kabadilisha? Mfumo ulikuwa na jibu moja tu: akaunti ya taaluma. Na akaunti ya taaluma ilikuwa ni watu saba, pamoja na sisi watatu wa field.

Unajua wageni wanavyoangaliwa kitu kinapopotea. Hakuna aliyetutuhumu kwa maneno. Tuliitwa tu mmoja mmoja tukaulizwa tulikuwa wapi Alhamisi. Pale pale ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwa nimekielewa darasani: sikuwa na chochote cha kuonyesha. Hakuna rekodi iliyosema mimi niliingia saa ngapi na nikagusa somo gani. Alama zikarudishwa 34, kikao kikaisha, na watu saba wakabaki na shaka ya kugawana. Tulimaliza field bila kuhukumiwa na bila kusafishwa.

Aliyebandika ile karatasi kwenye kabati alikuwa anatuamini. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Ila imani ya namna ile ilimlinda mtu mmoja tu kati yetu saba, naye ni yule aliyebadilisha alama.

Matabaka sita

Mkakati mzuri hautegemei kinga moja. Unapangwa kwa matabaka, moja likitobolewa jingine linazuia. Shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, linagawa ziro trasti katika nguzo tano: utambulisho, vifaa, mitandao, programu na data. Mimi hapa nimezipanga kwa namna ambayo shule, SACCOS, zahanati au ofisi yoyote ndogo inayotumia wingu inaweza kuifuata. Chukulia shule ya kufikirika yenye walimu 40 na wanafunzi 800.

Kabla ya tabaka lolote, kaa chini uandike orodha. Una taarifa gani? Ziko wapi? Nani mwenye dhamana nazo? Huwezi kulinda usichojua unacho. Shule yetu ya kufikirika itagundua ina alama, rekodi za ada, taarifa za afya za bweni, picha za watoto, na nakala za vyeti vya kuzaliwa zilizotapakaa kwenye simu za walimu na kwenye magrupu ya WhatsApp. Orodha hiyo peke yake inafungua watu macho.

Tabaka la kwanza ni utambulisho. Kila mtu akaunti yake, basi. Hakuna akaunti ya "taaluma" wala ya "ofisi". Juu ya nywila uwepo uthibitisho wa pili, yaani kitu ulichonacho mkononi kinachoongezwa kwenye kitu unachokijua. Ile namba inayokuja kwa SMS ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini mtu akifanikiwa kuhamisha laini yako kwenda kwake, namba inakwenda kwake. Programu ya simu inayozalisha namba kila baada ya sekunde 30 ni bora zaidi, na kwa walimu wa milimani ina faida ya ziada: haisubiri SMS, inazalisha namba hata kama mtandao umekatika. Bora kuliko zote ni ufunguo mdogo wa kuchomeka kwenye kompyuta au kuugusisha kwenye simu. Google iliwalazimisha wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 kuutumia kuanzia 2017, na mwaka uliofuata ikasema hakuna hata mmoja aliyenaswa tena na kurasa bandia za kuibia nywila.

Hapa hapa kwenye utambulisho kuna jambo ambalo taasisi zetu hulisahau sana, nalo ni kuondoka. Mwalimu akihama, akistaafu, au mwanafunzi wa field akimaliza wiki zake, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo. Tunamfanyia mtu sherehe ya kumuaga, tunampa zawadi ya kanga na sufuria, halafu miaka mitatu baadaye bado anaweza kufungua mfumo wa shule.

Tabaka la pili ni kifaa. Mtu sahihi akitumia kifaa kichafu bado ni hatari. Simu ya kazi iwe na kufuli, programu zake ziwe zimesasishwa, na zisitoke kwenye viunganishi vya kutumiana tu. Kompyuta ya pamoja isikumbuke nywila za watu. Na jamani, kompyuta ya steshenari si kifaa cha kufungulia mfumo wenye taarifa za watoto. Hujui nani amekaa kabla yako wala ameacha nini ndani.

Tabaka la tatu ni ruhusa ndogo. Mwalimu wa Hisabati wa kidato cha pili B aweze kuandika maksi za Hisabati za kidato cha pili B, na za wengine asiziguse. Alama zikishathibitishwa zifungwe, na kuzifungua kuhitaji watu wawili. Mhasibu anayeandaa malipo asiwe yeye anayeyaidhinisha. Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani ilipoteza taarifa za watu wapatao milioni 100 nchini humo na milioni 6 wa Kanada zilizokuwa kwenye wingu la Amazon. Chombo kimoja cha ulinzi kilikuwa kimepangwa vibaya, na mbaya zaidi kilikuwa na ruhusa pana ya kusoma data nyingi. Tundu lilikuwa dogo, ila lilifunguka kwenye ghala zima.

Jirani zetu Uganda wametupa somo la kulitazama kwa makini. Novemba 2024 serikali ilikiri bungeni kwamba akaunti zake katika Benki Kuu ziliingiliwa. Miezi michache baadaye walioanza kufikishwa mahakamani walikuwa maofisa wa Wizara ya Fedha. Hukumu ni kazi ya mahakama na mimi siigusi. Ninachokichukua ni swali tu: katika mfumo wa malipo makubwa, je, mtu wa ndani anaweza kubadilisha anayelipwa bila mtu mwingine aliye huru kuona? Kama jibu ni ndiyo, ukuta wa nje haukusaidii kitu.

Tabaka la nne ni mtandao wenyewe na wale tuliounganishwa nao. Wi-Fi ya wageni isikutane na kompyuta ya mhasibu. Kuwa kwenye Wi-Fi ya ofisi kusimpe mtu nafuu yoyote ya kuthibitishwa. Na washirika nao wachunguzwe. Oktoba 2020, hukohuko Uganda, tatizo lilitokea kwenye mfumo wa kampuni ya kati inayounganisha benki na pesa za simu. MTN, Airtel na benki ya Stanbic wakalazimika kusimamisha kwa muda miamala kati ya benki na simu. Shule yako ikimpa mtengeneza programu ya ada ruhusa ya kuingia kwenye kila kitu, usalama wako sasa ni sawa na usalama wa kompyuta yake.

Tabaka la tano ni data. Data isimbwe, yaani igeuzwe kuwa isiyosomeka kwa asiye na ufunguo, ikiwa imehifadhiwa na ikiwa inasafirishwa. Iwepo nakala rudufu mahali tofauti, na uwe umejaribu kweli kuirudisha, maana nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu. Na usikusanye usichokihitaji. Hili la mwisho kwetu sasa ni la kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo inazihesabu taarifa za watoto kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Usidhani ni maneno ya vitabuni. Kenya, Septemba 2023, mamlaka ya ulinzi wa data iliipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Fikiria hilo kabla hujaposti darasa lako la field kwenye status.

Tabaka la sita ni macho. Mfumo uandike nani aliingia, lini, kwa kifaa gani, akagusa nini, na rekodi hiyo isiweze kufutwa na anayeandikwa. Halafu awepo mtu wa kuisoma, hata kama ni nusu saa kila Ijumaa. Akaunti ya mwalimu wa Kinole ikifunguliwa saa nane usiku kutoka nchi nyingine, mtu apate taarifa. Na iandikwe mapema hatua za kuchukua: nani anafunga akaunti, nani anapigiwa simu, wazazi wanaambiwa na nani. Hili ndilo tabaka ambalo lingetutendea haki sisi watu saba. Rekodi ile ile inayomnasa mkosaji ndiyo inayomtoa asiyehusika.

Palipo na shimo

Nisiwauzie dawa ya kila ugonjwa. Ziro trasti ina mapungufu yake na ni vizuri tuyajue kabla ya kuipigia debe.

Kwanza, inachosha. Ukimsumbua mtu kwa uthibitisho mara ishirini kwa siku ataanza kubonyeza "kubali" bila kusoma. Septemba 2022 kampuni ya Uber iliingiliwa kwa njia hiyo. Mshambuliaji alikuwa na nywila ya mtu aliyefanya kazi kwa mkataba, akatuma maombi ya uthibitisho tena na tena hadi moja likakubaliwa. Kwa hiyo mkakati mzuri hupima uzito: kusoma ratiba kusihitaji sherehe, kubadilisha alama zilizofungwa kuhitaji.

Pili, hauzuii kila aina ya shambulio. Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya, wenye huduma zaidi ya 5,000 za serikali, ulilemewa na maombi bandia mengi kiasi kwamba watu wa kweli hawakuweza kupata huduma. Wenye mfumo hawakuwa wamemwamini mtu vibaya. Barabara ilizibwa tu. Ndiyo maana shule bado inahitaji njia ya kufanya kazi siku mfumo ukilala, hata kama ni daftari.

Tatu, kuna yule mmoja anayeshika funguo zote, ofisa TEHAMA au mwalimu anayejua kompyuta kuliko wenzake. Akiugua au akikasirika, taasisi inasimama. Wawepo wawili, na iwepo akaunti ya dharura ambayo nywila yake imefungwa kwenye bahasha ndani ya sefu, na bahasha ikifunguliwa kila mtu ajue.

Nne, gharama. Hapa nina habari njema kidogo. Akaunti ya kila mtu, kufunga akaunti za walioondoka, uthibitisho wa pili kwa programu ya simu, kupunguza ruhusa na kusoma rekodi: mengi ya haya yako ndani ya huduma ambazo taasisi nyingi tayari zinazitumia. Yanadai muda na msimamo zaidi ya pesa.

Tuanzie wapi

Kwa shule au ofisi ndogo, ningepanga hivi. Mwezi wa kwanza: andika ile orodha, vunja akaunti za pamoja, washa uthibitisho wa pili kwa mkuu, mhasibu na taaluma, funga akaunti za waliohama. Muhula wa kwanza: punguza ruhusa, weka sheria ya watu wawili kwenye alama na malipo, jaribu kurudisha nakala rudufu. Mwaka wa kwanza: kagua washirika, andika utaratibu wa siku ya tukio, na ufanyie mazoezi kama tunavyofanyia mazoezi ya moto.

Kwa mwanafunzi mmoja mmoja, anza na akaunti yako ya mkopo. Wengi wetu tulifunguliwa akaunti za kuombea mkopo na barua pepe zake na kijana wa steshenari. Alitusaidia kweli, ila nywila anayo, na pengine barua pepe ya kurudishia nywila ni ya kwake. Ibadilishe leo, weka barua pepe na namba yako, washa uthibitisho wa pili. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Zile SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii" zitume 15040 badala ya kuzicheka tu na kuzifuta. Na mwenzako wa chumba akikuomba nywila "nikuangalizie matokeo", kumnyima si uadui. Unamwondolea mzigo wa kushukiwa.

La mwisho nawaelekezea viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi. Kila mwaka tunapiga kura, viongozi wapya wanaapa, na barua pepe za ofisi, kurasa za mitandao ya kijamii, orodha za wanafunzi na faili za mapato na matumizi zinakabidhiwa kwa kuambiana nywila. Waliomaliza chuo wanabaki nazo. Bajeti ikija kuhojiwa, waziri wa fedha wa sasa hataweza kuonyesha kipi alikigusa yeye na kipi kiliguswa na aliyemtangulia. Naomba bunge la wanafunzi katika kikao kijacho lipitishe mambo matatu: kila kiongozi awe na akaunti yake kwa jina lake, nywila zote zibadilishwe siku ya makabidhiano mbele ya mwanasheria wa serikali ya wanafunzi, na malipo yoyote yaidhinishwe na watu wawili kwenye mfumo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kusubiri bajeti, na waliomo madarakani sasa ndio watakaonufaika wa kwanza siku watakapoulizwa.